Kubadili Kioo

Kibanda changu Mwanjelwa ni upana wa mikono miwili.
Asubuhi za Julai baridi hung'ata,
bisibisi naibana kwapani kwanza, ipate joto.
Hapa simu huja zikiwa maiti:
hii imetumbukia kwenye ndoo ya maziwa,
ile imekaliwa na shemeji,
nyingine imepigwa ukutani, na mwenyewe anasema
"imeniponyoka."
Sibishi. Watu huponyokwa na mengi.

Jana nilifungua ya mama mmoja.
Nimwite Tumwitike, jina si lake;
fundi naye ana kiapo,
ingawa hakuna aliyeniapisha.
Nikatia kioo kipya. Nikaiwasha.
Nikapitisha kidole kuona kama kioo kinasikia,
na picha zikafunguka zenyewe
kama mlango usio na komeo.

(Si kweli. Nilibonyeza.)

Picha thelathini na nane, zote za dakika tatu.
Yuko Tukuyu, kando ya mgomba, gauni la kitenge cha njano,
nyuma yake nyumba ya bati jekundu.
Nyumba si yake:
kwenye picha ya nne mwenye nyumba anatoka na beseni,
anashangaa.
Ya tisa amefumba macho.
Ya kumi na sita mvua imeanza,
na mvua ya kule haipigi hodi.
Ya ishirini na mbili anacheka,
anacheka hasa, kichwa nyuma, pengo wazi,
kilemba kinadondoka
na pale nywele zilipokwisha, upande wa kushoto,
ngozi inang'aa matone.
Ya thelathini na nane
midomo imefungwa, kidevu juu.
Hata mvua imefutwa.

Hiyo ndiyo niliyoijua mimi, na mji mzima.
Tuliipa mioyo mia mbili na kumi.
Mmoja ulikuwa wangu, na chini yake niliandika:
Hongera, dada, maisha umeyapatia.

Nani wa kumcheka?
Huko ndani mimi naitwa Injinia Lusajo.
Nimeegemea Prado ya mteja,
funguo naning'iniza kidoleni.
Kodi ya kibanda ina miezi miwili,
na miezi miwili haina picha.

Leo akaja mapema, ukungu umeshakula nusu ya Loleza.
"Ugonile?"
"Ndaga."
Tukarudia kwa Kiswahili,
kana kwamba lugha moja haitoshi kujifunikia:
"Hujambo?"
"Sijambo."

Sijambo. Sina jambo.
Neno hili tulilijua kabla ya kuvaa viatu.
Bibi yangu hakuwahi kushika simu,
alizika watoto wanne,
na kila asubuhi njiani kwenda kisimani
hakuwa na jambo.

Akaigeuza simu, akaipangusa kwa upindo wa khanga.
"Umeona picha zangu?"
"Nimeona kioo tu."
Akanitazama kwa muda wa kuhesabu noti mbili,
kisha akazihesabu kweli.
Alipotabasamu, mkono wenye chenji
ulipanda wenyewe kufunika mdomo.

Nilitaka kumwambia: ya ishirini na mbili, mama.
Iweke hiyo. Au usiiweke popote,
ila usiifute.
Lakini ningeanzia wapi, bila kujitaja?
Nikasema la kifundi:
"Usiisogeze karibu na maji."

"Weh! Na mimi wa Tukuyu?
Niiweke wapi basi, mbinguni?
Na mbinguni ndiko maji yanakotoka!"
Akacheka,
kichwa nyuma, mkono umesahau kazi yake,
sarafu moja ikabingirika chini ya meza.

Sikuwa na kamera mkononi.
Nilikuwa na bisibisi, nayo ilikuwa imepata joto.